Mwizi wa Pedi

Mwanamke akiibiwa kuku hupiga mayowe. Akiibiwa nguo kwenye kamba huwatukana majirani wote bila kutaja jina, na mwenye kuiba hujijua. Lakini Rosaline aliibiwa kitu ambacho hakujua hata angemshtakia nani. Pedi zake zilikuwa zikipungua.

Alikuwa akiziweka ndani ya kabati, nyuma ya blanketi la wageni. Mara ya kwanza alidhani amesahau, kwa kuwa kazi ya saluni humchosha mtu mpaka akasahau jina lake. Mara ya pili alifungua pakiti mpya, akachukua moja, na aliporudi kuchukua nyingine aliikuta pakiti imekonda. Binti yake Naliaka alikuwa bado mdogo, mambo hayo hayajamfikia. Nyumba ile ya vyumba viwili huko Matisi, pembeni mwa mji wa Kitale, ilikuwa na mtu mzima mmoja tu mbali na yeye mwenyewe, naye ni mumewe Lusweti, dereva wa lori la mahindi.

"Sasa mwanaume anafanya nini na pedi?" alimuuliza Wangechi, mwenzake wa saluni, siku ambayo wateja walikuwa haba.

"Hafanyi nazo kitu. Anampelekea mtu."

"Mtu gani?"

"Si mwenye anazitumia! Kwani pedi ni za kukula?" Wangechi aliweka kitana chini ili aongee vizuri. "Sikiza, Rosa. Mwanaume akikununulia pedi, anakupenda. Akikuibia za bibi yake akuletee, anakupenda na hana pesa. Hiyo ndio mbaya, hiyo haiishi."

Wangechi hakuwa na roho mbaya. Ila ndoa za watu kwake zilikuwa njugu karanga: alizitafuna mchana kutwa na hakushiba.

Tangu siku hiyo macho ya Rosaline yalifunguka, na jicho la mwenye wivu likifunguka halifumbiki tena. Aliona kwamba Lusweti, mwanamume aliyelelewa akijua beseni ni la wanawake, sasa aliamka alfajiri kufua suruali zake mwenyewe na kuzianika ndani, nyuma ya mlango. Aliona kwamba amehamia kwenye sofa, ati mgongo unamsumbua. Kanisani alisimama nyuma ibada nzima, karibu na mlango, kama mtu mwenye miadi. Ugali aliusukuma pembeni, akanunua mapapai akala peke yake. Na simu yake ilipigwa na namba isiyo na jina, akaipokea akiwa nje, mgongo umegeukia dirisha.

Dalili ya mvua ni mawingu, na haya yalikuwa yametanda mpaka mlangoni.

Kisha akaja mama mdogo.

Nekoye, mdogo wa mamake Rosaline, alikuwa muuguzi katika kliniki moja ndogo ya pale mjini. Nyumbani kwa Rosaline hakuwa akiingia. Kwa Wabukusu mama mkwe na mkwe hawashikani mkono, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hukata kona, awe na safari ya huko au asiwe nayo. Na dada wa mama mkwe ni mama mkwe vilevile. Kwa hiyo alikuja saluni, akamwita Rosaline nje, kando ya ukuta.

"Rosa, mkwe wangu ako mgonjwa?"

"Mgonjwa? Hapana, mama. Kwani?"

"Nilimuona kliniki. Nilifungua mlango niite mgonjwa mwenye amefikiwa, tukaangaliana uso kwa uso. Mimi nikajifunika na faili. Yeye akatoka mbio, hata akasukuma mama mmoja na mtoto."

"Alikuwa amekuja kutibiwa nini?"

"Ningemuuliza aje? Ni mkwe wangu." Nekoye alitazama huku na huku, akapunguza sauti. "Lakini hapo kwa mlango wangu tunaonanga sehemu za siri pekee. Wanaume wenye wanakuja hapo, mara mingi ni mambo wametoa nje. Enda upimwe, mwanangu. Usingoje."

Rosaline alienda, mbali na kliniki ya mama mdogo, akapimwa kila kitu. Alikuwa mzima. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akalala. Yeye alirudi nyumbani akisema moyoni kwamba huenda ugonjwa bado haujamfikia kwa kuwa mwenye ugonjwa amehamia kwenye sofa. Hata uzima wake aliufanya ushahidi.

*

Jioni hiyo alipakua ugali na sukuma wiki, akangoja Naliaka aende kulala. Lusweti alikuwa amesimama akiegemea ukuta, sahani mkononi.

"Baba Naliaka, si ukae ukule kama watu."

"Nimekaa siku mzima kwa lori. Wacha ninyooshe miguu."

"Pedi zangu zinaenda wapi?"

Tonge lilirudi sahanini. "Pedi gani?"

"Uko na mke na hujui pedi ni gani?"

"Labda ni panya."

"Panya!" Rosaline alicheka kicheko kisicho na furaha. "Panya anafungua pakiti, anachukua, anafunga tena?"

Lusweti alitafuna kwa muda, ingawa mdomoni hakukuwa na kitu. "Nilichukua kidogo. Nilikuwa napanguza oili kwa injini. Zinanyonya vizuri."

Uongo ule ulikuwa wa kitoto hata Rosaline akamwonea haya. Injini ya lori, na matambara yote yaliyojaa Kitale! Aliondoa sahani ya mumewe kabla hajamaliza, akaenda kuosha vyombo kwa kelele. Alingoja aitwe. Hakuitwa. Alisikia tu sofa ikilia Lusweti alipojilaza kifudifudi, na baadaye mlango wa choo ukifungwa, ukakaa umefungwa muda mrefu mno.

*

Mwenye lori alikuwa Kamaljit, aliyerithi ghala la mahindi kutoka kwa babake na ambaye wafanyakazi wote walimwita Singh. Alinunua mahindi Kitale na Moi's Bridge, akayauza Bungoma na kwingineko. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameibiwa sana, na mtu aliyeibiwa sana huona mwizi hata kwenye kivuli chake. Malori yake yote yalikuwa na kifaa cha kumwonyesha kwenye simu yalikopita na yaliposimama.

Alimpigia Rosaline mchana, yuko katikati ya kichwa cha mteja.

"Mama, habari ya nyumba? Huyo mgonjwa anaendelea aje?"

"Mgonjwa gani, Singh?"

"Mama ya Lusweti. Si ako Bumula? Kila safari lori yangu inatoka Bungoma, inaingia huko Bumula, inasimama nyuma ya posho mill karibu saa mzima. Nimeuliza yeye, akasema anaona mama yake mgonjwa."

Rosaline alishika uzi wa kusukia, akauzungusha kidoleni. Nyumbani kwao Lusweti ni Chwele, wala si Bumula. Huko Bumula hawakuwa na shangazi, mjomba, wala kaburi. Naye mama mkwe alikuwa amelala udongoni tangu Naliaka hajazaliwa. Alijua kabisa kwamba neno moja la kufunika lingetosha. Angeweza kusema ni mama mlezi. Angeweza kusema simu inakatika. Wake wengi wamefunika makubwa kuliko hayo, kisha wakagombana na waume zao nyumbani, mlango umefungwa.

Lakini kifua kilikuwa kinamwaka. Bumula! Kumbe mwanamke ana mpaka mtaa.

"Singh," alisema, "mama mkwe wangu alizikwa kitambo."

"Haya, mama. Asante."

Wangechi, aliyesikia kila kitu, alimpigia makofi madogo. Rosaline hakufurahi kama alivyotarajia.

Lusweti alirudi jua likiwa bado juu. Hakuwa na ule mkoba wake wa safari wala funguo kiunoni.

"Singh amenifuta kazi."

"Kwa nini?"

"Amesema nauza mafuta ya lori huko Bumula."

Rosaline aliikazia macho mikono ya mumewe, akitafuta ishara. "Na uliuza?"

Lusweti aliinama kuvua viatu. "Niliuza."

Hapo ndipo Rosaline alipochanganyikiwa. Huyu ndiye mwanamume aliyewahi kurudi dukani kwa miguu kwa sababu mwenye duka alizidisha chenji. Mafuta hakuuza, angeapa juu ya Biblia. Basi ni mwanamke wa namna gani huyo, hata mtu aone afadhali kuitwa mwizi kuliko kumtaja? Usiku alilia, akafuta machozi kwa pembe ya shuka, na kabla hajalala alikuwa amekata shauri.

*

Alhamisi Lusweti alisema anaenda Moi's Bridge kutafuta kazi. Alipotoka tu, Rosaline alimpeleka Naliaka kwa jirani, akafunga kitambaa kichwani kama mtu anayeenda kupigana, akaenda Bumula.

Posho mill, kile kinu cha kusagia mahindi, haikumpa taabu kuipata. Ililia ikasikika soko zima. Nyuma yake palikuwa na nyumba ya mabati, na mlangoni ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu: TUNATIBU NGUVU ZA KIUME, BAWASIRI, KESI ZA KORTI, MAPENZI YALIYOPOTEA. Rosaline alisoma mpaka mapenzi, akaona inatosha. Ndani kulikuwa na pazia. Nyuma ya pazia alisikia sauti aliyoijua, sauti ya mumewe, ikiguna.

"Toka! Toka nje nikuone, malaya wewe!" alipaza sauti, akalivuta pazia likang'oka na msumari.

Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na mzee mmoja mwembamba ameshika mkebe wa unga mweusi. Na juu ya benchi, kifudifudi, suruali imeshuka magotini, alilala mume wake. Chini ya benchi kulikuwa na pedi imelowa damu.

"Karibu mama," mzee alisema kwa mshtuko. "Lakini ungoje nje, mgonjwa ako na dawa."

Lusweti aligeuza kichwa, akamwona mkewe, akaufunika uso kwa mikono yote miwili. Si sehemu ile aliyoifunika, ni uso. "Mama Naliaka," alisema ndani ya viganja, "enda nyumbani. Tafadhali enda."

"Ni nini hii? Baba Naliaka, hii damu ni ya nini?"

"Ni bawasiri tu," mzee alimjibia. "Ni kama nyama imetoka huko nyuma. Hii dawa inachoma mpaka inaanguka yenyewe. Amebakisha kidogo, ndio nikampigia simu akuje."

"Inachoma?"

"Lazima ichome, mama. Yenye haichomi si dawa."

Rosaline alisimama pale na hasira yake yote, na hakukuwa na mtu wa kumpa. Lusweti aliinuka haraka ili avae. Aliposimama wima aliyumba, akashika ukuta, ukuta ukamponyoka, akaanguka chini kwa uzito wa mtu mzima.

*

Hospitali waliyoifikia Bungoma ilikuwa na dirisha dogo la mapokezi na karani mwenye sauti kubwa.

"Shida ni nini?"

Rosaline aliinama karibu na dirisha, akanong'ona.

"Matako?" karani aliuliza, na benchi zima likageuka. "Anatoka damu kwa matako? Haya, ingia hapo, ungoje."

Lusweti alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amekalia ubavu, macho kafumba. Rosaline aliona shingo ya mumewe ikiinama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akatamani kumpiga mtu mwingine.

Daktari alikuwa mwanamke mchanga, Chepkosgei, mwenye mikono mitulivu. Alimfunua Lusweti kope la chini, akatazama viganja vyake, akaagiza damu ipimwe kwanza. Kisha akavuta pazia, akavaa glavu, akamweleza kila atakalofanya kabla ya kulifanya. Lusweti aliuma mto. Rosaline alishika mguu wake, mahali pekee alipothubutu.

"Mzee, huko ndani kila mtu ako na mishipa ya damu kama mito midogo," daktari alisema baadaye. "Yako imefura, ingine imetoka nje. Hiyo ndio bawasiri. Si laana na si uchafu. Unafanya kazi gani?"

"Dereva."

"Maji unakunywa?"

"Ukikunywa maji utasimamisha lori kila saa. Na bosi anaona kwa simu ukisimama."

"Choo ikikushika ukiwa njiani?"

"Navumilia mpaka Kitale."

"Ndio hiyo. Unakaa siku mzima, unakausha tumbo, halafu unajikamua kwa nguvu. Ingekuwa imeanza juzi, maji, mboga, matunda na kukalia maji ya vuguvugu zingeweza kutosha. Sasa hiyo unga imekuchoma nyama nzuri, na damu yako imeisha. Leo utaongezewa damu. Kidonda kikipoa tutafunga hiyo mishipa na mpira kidogo, itanyauka ianguke. Na tutaingiza kamera tuangalie juu pia, kwa sababu si kila damu ni bawasiri. Watu wamekaa na hiyo jina mwaka mzima kumbe ni saratani."

Neno hilo lilitua chumbani na halikuondoka kwa siku zote walizongoja.

"Lakini mzee," daktari aliuliza akiandika, "umetoka Kitale. Huko kuna madaktari. Bumula ulifuata nini?"

Lusweti aliangalia ukuta. "Nilienda kliniki. Mlango ukafunguliwa, mwenye anapima ni mama mkwe wangu."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Ningevua suruali mbele ya mkwe, daktari? Afadhali nife. Halafu nikaona kila mahali nikienda Kitale, atasikia. Wauguzi wanajuana."

Rosaline aliziba mdomo kwa kiganja. Alimwona mumewe akikimbia kwenye korido ile, akimsukuma mama wa watu, na mama mdogo amejifunika faili. Wote wawili wakishika adabu waliyofundishwa, na adabu hiyo ikimpeleka mtu moja kwa moja kwa mzee wa unga mweusi.

*

Kamera haikukuta kitu kibaya. Ilikuwa bawasiri, bawasiri tu, na Rosaline alicheka kwa sauti wodini kwa kusikia jina ambalo wiki iliyotangulia hakuthubutu kulitamka. Akachukua simu.

"Nampigia Singh. Lazima ajue hukuiba."

"Wacha." Lusweti alimshika mkono. "Usimwambie."

"Utaitwa mwizi mpaka lini? Nani atakupa lori?"

"Mwizi ni mtu, Mama Naliaka. Watu wanamuogopa kidogo, wanasahau. Lakini dereva mwenye anavaa pedi? Hiyo itaimbwa Kitale mpaka Naliaka aolewe."

"Naliaka atakula nini kabla aolewe?"

Lusweti alilala akitazama dari, kisha akanyoosha mkono, akaomba simu. Aliiweka sauti ya juu kwa sababu mkono uliokuwa na sindano haukuweza kuipandisha sikioni.

"Singh, ni mimi Lusweti."

"Sema. Umeleta pesa yangu?"

"Sikuuza mafuta. Niko na bawasiri. Nilikuwa nasimama Bumula nitibiwe."

Wanaume wa vitanda vingine waliacha kuzungumza. Mmoja aliyefungwa plasta mguuni aligeuza kichwa.

"Bawasiri? Hii ya matako?"

"Ndio, Singh."

Kamaljit alivuta pumzi. "Wewe ni mjinga kabisa, bana. Mimi ningejua aje? Wewe unasema mama mgonjwa, bibi yako anasema mama alizikwa. Mimi nishike gani?" Sauti yake ikapoa. "Lori nimepatia Kiptum. Pona kwanza, halafu kuja tuone."

Simu ikakatika. Rosaline aliitazama sakafu. Angependa sakafu hiyo ifunguke.

"Baba Naliaka..."

"Nilijua," Lusweti alisema. "Aliniambia siku ile, mbele ya watu wa kupakia. Ati hata bibi yako amekukana."

"Na ukarudi nyumbani hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, na wewe ungeniuliza Bumula nafanya nini."

Rosaline alianza kulia, na safari hii hakujificha. "Nisamehe. Nilidhani uko na mwanamke. Kila kitu nilichoona nilikiona cha mwanamke. Nilipekua simu yako. Nilipekua suruali. Nilinusa mashati, mpaka mto wa sofa niliufungua."

"Ulipekua vizuri." Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana liliuma. "Miezi yote hiyo umeangalia kila kitu changu, Mama Naliaka. Uso hukuangalia."

Rosaline alijifuta machozi. Akainua macho, akamtazama mumewe. Midomo ilikuwa imepauka, mashavu yameingia ndani, na chini ya macho palikuwa na weusi ambao hauji kwa wiki moja. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa akifa polepole ndani ya nyumba yake, kila jioni, amesimama kando ya ukuta na sahani aliyompakulia yeye mwenyewe.